Je, wajua kwa nini Zuhura haikeshi?

Jioni moja ufuoni Dunga, Kisumu, jamaa yangu alinionyesha mwanga mkali juu ya ziwa, upande wa machweo, akaapa ni ndege inayokuja kutua. Tukaagiza ngege, tukala, tukanawa mikono. Ndege haikuwa imesogea hata shibiri.

"Basi rubani wake amelala," akasema mama mwenye kibanda.

Ilikuwa Zuhura, sayari inayoitwa pia ng'andu. Saa nne usiku tulipoitafuta tena, ilikuwa imeshazama. Wavuvi wa omena, ambao hukesha majini na taa zao, huiona jioni kwa miezi kadhaa, kisha inapotea, kisha inachomoza alfajiri. Saa sita usiku, kamwe. Kwa nini?

Jibu lilikuwa pale pale kibandani. Mama alikuwa akikaanga samaki, mwanawe akilizunguka jiko kwa mchezo, nasi tumekaa kwenye benchi, mbali kidogo. Ili kumwona mtoto ilibidi tuelekee jikoni: mara yuko kulia kwa moto, mara kushoto. Nyuma ya migongo yetu hafiki, maana mzunguko wake uko ndani ya tulipokaa. Sasa jiko lifanye Jua. Zuhura iko kilomita milioni 108 hivi kutoka kwenye Jua, sisi milioni 150. Machoni petu haiachani nalo zaidi ya pembe ya nyuzi 47, ndiyo maana huzama muda wa saa tatu na ushei baada ya Jua ikichelewa sana. Usiku wa manane tumelipa Jua mgongo, na Zuhura iko huko huko.

Mwaka 1610, kule Italia, Galileo aliielekezea darubini akaiona ikijaa na kupungua kama mwezi. Waliodai kwamba kila kitu angani huizunguka Dunia walipata kazi: ili ionekane karibu duara kamili, lazima ipite ng'ambo ya Jua, kama mtoto aliye upande wa pili wa jiko.

Baada ya hapo darubini hazikuambulia mengi. Kinachoing'arisha ndicho kinachoificha: mawingu mazito ya asidi ya sulfuri, yanayorudisha takriban robo tatu ya mwanga wa Jua. Watu wakawazia chini yake kuna vinamasi na misitu, labda kitu kama kinamasi cha Yala. Wapi! Mariner 2, chombo cha angani cha Marekani, ilipita karibu nayo mwaka 1962 ikakuta dalili za joto kali. Tarehe 15 Desemba 1970, siku tatu tu baada ya setilaiti iitwayo Uhuru kurushwa kutoka pwani ya Malindi, Venera 7 ya Wasovieti ilitua na kutuma vipimo. Joto ni kama nyuzi 460 za Selsiasi, hata madini ya risasi yanayeyuka, na hewa inakandamiza mara 90 hivi kuliko hapa kwetu.

Kwangu mimi kisa kitamu ni cha Venera 14, Machi 1982. Kamera zake zilikuwa na vifuniko vya kufyatuka ikishatua, na kando kulikuwa na mkono wa kubonyeza udongo ili kupima ugumu wake. Kifuniko kimoja kikafyatuka, kikaangukia pale pale mkono ulipokuwa ushukie. Safari ya miezi minne, na walichopima ni kifuniko chao wenyewe.