Laptop yako haina kosa, ni ukingo haujapigiwa hesabu

Jamani hii kauli nimeisikia mpaka imenitoka puani: "wenzetu wana makompyuta makubwa bwana, ndo maana grini skrini zao hazijulikani." Grini skrini ni ule ukuta au kitambaa cha kijani nyuma ya mwigizaji, unaokifuta ukaweka picha nyingine. Maprodyuza wanasema, maedita wanasema, na juzi kaisema mtu aliyekopa hela akanunua kadi mpya ya grafiki ili ule mstari mweusi unaomzunguka mhusika wake utoke. Kadi imefika, imefungwa, mstari upo pale pale ila sasa hivi unarenda, yaani unatoka kwenye mashine kama video iliyokamilika, haraka zaidi.

Tuelewane kwanza. Kuna sehemu za muvi ambako nguvu ya mashine ndo kila kitu na hapo sibishi. Maji, moshi na moto vinapigwa kwa milinganyo ya Navier-Stokes ya mwendo wa vimiminika na gesi, ile ile ya mainjinia, na tangu Jos Stam aonyeshe mwaka 1999 jinsi ya kuipiga kwa hatua kubwa za muda bila hesabu kulipuka, watu wanazidi tu kuongeza ukubwa wa bahari. Mwanga wa 3D nao ni kubahatisha kwa miale, ukitaka chengachenga za picha zipungue nusu unatupa miale mara 4, ukitaka zibaki robo unatupa mara 16. Hapo nunua mashine, tena kopa kabisa. Lakini kumtoa mtu kwenye kijani ukambandika juu ya picha nyingine ni kuzidisha na kujumlisha tu. Thomas Porter na Tom Duff waliliandika hili mwaka 1984 wakiwa Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, kwa kompyuta ambazo simu yako ya mfukoni ingezicheka.

Alfa ni namba kati ya 0 na 1 inayosema mhusika kaifunika pikseli, yaani kidoti kimoja cha picha, kwa kiasi gani. Fomyula ni hii: rangi ya mbele ambayo tayari imezidishwa na alfa, jumlisha rangi ya nyuma mara (1 − alfa). Basi. Alfa ikiwa 1 ya nyuma haionekani, ikiwa 0 ya mbele haipo, na vita vyote viko katikati, pale pikseli moja imebeba nusu bega nusu hewa.

Twende na namba maana bila namba tutabishana mpaka kesho. Mzee kavaa kanzu nyeupe, rangi yake 0.8, nyuma yake umeweka anga angavu nalo 0.8. Kwenye ukingo alfa ni 0.5. Kanzu mara alfa ni 0.4, anga mara 0.5 ni 0.4, jumla 0.8. Ukingo haupo, umeyeyuka, na ndo inavyotakiwa. Sasa programu yako ilishakupa picha iliyozidishwa na alfa, wewe ukaenda kwenye seting ukaiambia haijazidishwa, nayo kwa utiifu ikazidisha tena. 0.4 inakuwa 0.2, ongeza 0.4 ya anga unapata 0.6. Kulia 0.8, kushoto 0.8, katikati 0.6. Huo ndo mstari wako mweusi mzee! Kadi ya grafiki itaufanya nini? Ukikosea upande wa pili, yaani picha haijazidishwa ukasema imezidishwa, unapata 0.8 + 0.4 = 1.2 na mzee anawaka pembeni kama mtume kwenye kalenda.

Na hapa ndo damu inanichemka kabisa: watu wanarekebisha rangi juu ya picha iliyozidishwa. Unaona mhusika kawa mweusi sana, unapandisha weusi kwa 0.05, halafu unashangaa fremu nzima imepata ukungu wa mstatili. Pikseli zilizokuwa tupu kabisa nazo umezipa 0.05, ulitegemea nini? Gawanya kwa alfa kwanza, rekebisha rangi, kisha zidisha tena kwa alfa. Atatokea mwerevu aulize, na pale alfa ni 0 tunagawanyaje? Hatugawanyi, programu inaweka 0 na maisha yanaendelea. Shida yenyewe iko jirani na sifuri. Kwenye faili la biti 8, ambako kila namba ni nzima kati ya 0 na 255, pikseli yenye alfa ya 2 kati ya 255 rangi yake iliyozidishwa inaweza kuwa 0, 1 au 2 tu, kwa hiyo ukigawanya unapata hamna, nusu, au kamili, katikati hakuna kitu. Ndo maana nywele zako zina vidoti vya rangi zisizojulikana zimetoka wapi. Fanya kazi kwenye biti 16 za desimali, na hiyo laptop unayoitukana inaweza.

Kuna kosa la pili linalotoa mstari unaofanana kabisa na ule, ndo maana watu wanarekebisha moja wakaona bado wakakata tamaa. Namba zilizoko kwenye picha ya kawaida sio kiasi cha mwanga. Zimekunjwa, ili biti nyingi ziende kwenye giza ambako macho yetu ni makali. Kwenye sRGB, mkunjo wa kawaida wa picha za skrini, 128 kati ya 255 sio nusu ya mwanga, ni kama asilimia 22. Nusu ya mwanga wenyewe iko 188. Kwa hiyo ukichanganya nyeupe na nyeusi nusu kwa nusu juu ya namba zilizokunjwa unapata 128 wakati ilitakiwa 188, ukingo umepoteza zaidi ya nusu ya mwanga wake na hakuna aliyekuibia. Angalia pia taa za bodaboda usiku ukizifanyia blur, yaani ukizitia ukungu: kamera halisi inatoa duara linalowaka, wewe unapata doa la kijivu kama tope. Kunjua namba kwanza, changanya, kunja mwishoni. Kwenye programu nyingi ni tiki moja tu na wengi hawajawahi kuigusa.

Sasa niseme kitu ambacho kwenye tutoriali hawakwambii. Hiyo alfa tunayoizungumza kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni, hatuijui. Kila pikseli inakupa namba 3, nyekundu, kijani na bluu. Usivyovijua ni 4, yaani rangi tatu za mhusika pamoja na alfa, na hiyo ni kama kijani cha nyuma unakijua kikamilifu, kitu ambacho kwa kitambaa chenye mikunjo ni ndoto. Milinganyo 3, visivyojulikana 4, hata darasani ungeambiwa jibu moja hakuna. Alvy Ray Smith na Jim Blinn walilionyesha hilo wazi mwaka 1996, wakaonyesha pia kwamba ukipiga kitu kile kile juu ya rangi mbili tofauti za nyuma, jibu linapatikana. Safi kabisa, ila mwambie mwigizaji alie mara mbili bila unywele mmoja kuhama.

Kwa hiyo tunakisia. Petro Vlahos, aliyebuni mbinu ya tofauti ya rangi kwa ajili ya muvi ya Ben-Hur ya 1959, alikisia kwa akili sana, na ukiihamishia kwenye kijani mbinu yenyewe ni kutoa kwenye kijani ile iliyo kubwa kati ya nyekundu na bluu, kinachobaki ndo kiasi cha skrini. Inafanya kazi kwenye ngozi zetu zote maana ngozi ya binadamu nyekundu yake iko juu ya kijani. Mlete dada kavaa kitenge chenye majani ya kijani ndo utajua hesabu haina macho, tumbo lote linakuwa dirisha.

Na hata fomyula ya 1984 ni kadirio. Inachukulia kwamba vitu viwili ndani ya pikseli vimejipanga ovyo bila kujuana. Chukua vipande viwili vilivyogusana ukingo kwa ukingo, kila kimoja alfa 0.5, pamoja wanaijaza pikseli yote. Fomyula inakupa 0.75. Robo ya nyuma inavuja, unaona uzi mwembamba wa mwanga kwenye maungio. Hapo tunajumlisha tu alfa moja kwa moja, na kujua wakati gani ufanye hivyo mashine haikwambii, unatumia jicho.

AI? Nazo zinakisia, mara nyingi vizuri kuliko mimi kwenye fremu moja. Shida fremu ni 24 kwa sekunde na zikikisia tofauti kidogo kila fremu, nywele zinacheza ngoma.

Kamera nayo msiisahau. Simu na kamera nyingi za bei rahisi zinarekodi 4:2:0, video ya 1920×1080 ina rangi za 960×540 tu, na kijani ni rangi. Ukingo umekuja na ngazi tayari, hakuna kompyuta ya kurudisha kisichorekodiwa. Kama kuna 4:2:2 kwenye menyu, inayobeba rangi mara mbili ya hiyo, washa.

Ukitaka kujua mstari wako unatoka wapi, weka nyuma ya mhusika rangi moja tupu inayofanana na nguo yake. Mstari ukibaki, mweusi au mweupe, kosa liko kwenye kuzidisha. Ukipotea hapo halafu ukarudi ukiweka nyuma rangi ya mbali, unachanganya namba zilizokunjwa. Na ukiwa na ukijani, huo ni mwanga wa skrini umemrukia begani, msogeze mbele, mbali na skrini.