Kusoma polepole si kuamini ovyo

Huenda ukadhani mtu mzima mwenye disleksia huamini lolote analoambiwa, kwa kuwa kusoma kunamlemea. Si kweli. Disleksia hukwamisha kuunganisha herufi na sauti zake. Kupima hoja ni uwezo mwingine kabisa.

Tazama kikao cha chama pale Kayole, Nairobi. Katibu anasoma kanuni mpya mbiombio. Mwanachama mwenye disleksia bado yuko kifungu cha 2, wenzake wako cha 5, na mikono ikiinuliwa naye anainua wake asionekane mzito. Alichokosa ni muda, wala si msimamo.

Mpeni karatasi siku 2 mapema. Simu imsomee kwa sauti, aisimamishe kila kifungu, akieleze kwa maneno yake, kisha aulize: nani atanufaika, nani ataumia? Swali hilo lijibiwe kabla ya kura.