Mshahara wa mwalimu: tusome slipu kwanza, ndipo tuseme kama ni haki

Tumchukue mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Dar, ana shahada, mshahara wake ghafi tuufanye 800,000 ili hesabu iwe nyepesi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inakata 5%, yaani 40,000. Kodi inatozwa kwenye 760,000 iliyobaki: 270,000 ya kwanza haiguswi, inayofuata hadi 520,000 inatozwa 8%, na kutoka hapo hadi 760,000 ni 20%. Jumla 68,000. Bima ya afya 3%, ambayo ni 24,000 (mwajiri naye anaweka 3%, kwa hiyo hili silihesabu kuwa hasara). Chama cha walimu 2%, 16,000. Aliyesoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya elimu ya juu anakatwa 15% ya mshahara ghafi: 120,000.

Mkononi zinabaki 532,000, kabla hajagusa mkopo wa benki. Mwalimu huyu akiwa amepanga Chanika na anafundisha Mbagala, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Ikimgharimu 3,000 kwa siku, siku 22 za kazi zinakula 66,000. Ngazi ya TGTS, yaani ngazi ya mishahara ya walimu wa serikali, haiulizi unaishi wapi. Kwangu mimi hilo ni kasoro, lakini si kubwa kuliko zote.

Kubwa ni kupandishwa daraja la mshahara kunakochelewa. Barua ya kupandishwa inasema kuanzia Julai 1, mfumo wa mishahara unabadilishwa Machi. Miezi minane hapo katikati mwalimu amefanya kazi ya daraja jipya kwa mshahara wa zamani. Tofauti ikiwa 100,000, anadai 800,000, na hayo ndiyo malimbikizo. Yakilipwa baada ya miaka miwili, fedha ileile hainunui tena mabati yaleyale.

Tena haliishii hapo. Pensheni hukokotolewa kwa 1/580 mara miezi ya utumishi mara wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho. Aliyetumikia miezi 360, kila 100,000 inayopungua kwenye wastani huo inamwondolea takriban 62,000 ya pensheni kamili kila mwezi, kabla ya kutoa mkupuo, ile fedha anayolipwa kwa mara moja akistaafu. Anayestaafu daraja moja chini ya analostahili anabeba pengo hilo mpaka kaburini. Huo ndio uonevu ninaoupigia kelele.

Kwa hiyo mwalimu, barua ikifika, usiifungie kabatini. Linganisha tarehe yake na slipu ya mwezi uliofuata. Mshahara usipobadilika, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri kupitia mkuu wa shule, ambatisha nakala ya barua pamoja na slipu ya mwezi wa mwisho wa daraja la zamani na ya kwanza ya daraja jipya ikishatoka. Bila slipu hizo mbili, afisa utumishi hana pa kuanzia hesabu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, palepale dirishani, kabla hujaondoka.