Maumivu ya jiwe la figo yametulia. Bado nipige CT-scan ya nishati mbili?

CT-scan ya nishati mbili ndiyo ipi?
Ni ile inayopiga kwa miale ya eksirei ya nguvu mbili, mara nyingi kilovolti 80 na 140, kisha kompyuta ikaunganisha vipimo vyote. Wazo ni la zamani: Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni CT-scan, alilieleza mwaka 1973.

Kwa mwenye jiwe inasaidia nini?
CT-scan ya kawaida huonyesha jiwe lilipo na ukubwa wake. Hii ya nishati mbili hubaini pia limeumbwa na nini. Jiwe la kalsiamu huzuia miale ya kilovolti 80 kwa nguvu zaidi kuliko ile ya 140. Kwa jiwe la asidi ya yuriki tofauti hiyo ni ndogo. La yuriki linaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, kama sitrati ya potasiamu, daktari akikuandikia. La kalsiamu haliyeyuki hivyo, hata umalize katoni nzima ya zile chupa za "kuvunja mawe" zinazouzwa stendi.

Maumivu yameisha yenyewe. Nije?
Njoo. Maumivu kuisha si jiwe kutoka. Linaweza kukwama kwenye mrija wa kuelekea kibofu, mkojo ukarudi nyuma, figo ikavimba na kuharibika bila wewe kusikia chochote.

Lakini nilichomwa diklofenaki, sasa natembea vizuri.
Sindano imetuliza maumivu, jiwe liko palepale. Tena diklofenaki yenyewe huweza kuiumiza figo iliyoziba. Tafadhali, acheni kuchomana sindano dukani wiki baada ya wiki. Njoo.

Na nikiwa na homa?
Usiku huohuo, hospitali! Homa pamoja na jiwe lililoziba ni dharura: vijidudu huingia kwenye damu, na mtu hufa. Vidonge vya antibayotiki peke yake havitoshi, huo mkojo lazima utolewe.

Hospitali yetu haina nishati mbili. Nisubiri rufaa?
Usisubiri. Ultrasaundi huonyesha figo iliyovimba, na CT-scan ya kawaida huonyesha jiwe. Aina yake itajulikana baadaye.

Mionzi je?
Kutafuta jiwe hutumia kipimo kidogo cha mionzi, wala huhitaji sindano ya kontrasti, ile dawa ya kung'arisha picha. Mjamzito aseme mapema, aanze na ultrasaundi. Picha za zamani zije pia, CD au filamu. Karatasi ya majibu peke yake hainionyeshi jiwe limesogea kiasi gani.