Vumbi la Mirihi na njaa ya umeme

Kila chombo kinapozimika Mirihi kwa sababu ya vumbi, watu huuliza swali lilelile: kwa nini hawakukifungia waipa kama ya gari? Jibu la mkato ni kwamba waipa ingekwaruza kioo, ingekuja na mota yake ya kuharibika, na kilo zake zingefaa zaidi zikiongezwa kwenye paneli za sola zinazokipa chombo umeme. Jibu kamili linaanzia kwenye vumbi lenyewe.

Punje ya vumbi linaloelea katika anga ya Mirihi ina upana wa mikroni 3 hivi; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa mtu ni kama mikroni 70. Kwa udogo huo, uzito wa punje ni kama haupo. Inatawaliwa na umeme tuli na ule mvutano unaovinatisha vitu vidogo sana vinapogusana. Puliza meza yenye unga wa ngano: mwingi utaruka, lakini utando mweupe utabaki palepale mpaka upitishe kitambaa. Juu ya paneli ya sola Mirihi kuna utando tu, na wa kupitisha kitambaa hayupo.

Upepo nao hausaidii kama watu wanavyodhani. Hewa ya Mirihi ni kabonidayoksaidi nyembamba, ambayo uzito wake kwa kila mita ya ujazo ni takriban sehemu moja ya sitini ya hewa yetu. Nguvu ya upepo hutegemea wingi wa hewa na mraba wa kasi, hivyo upepo wa mita 6 kwa sekunde kule unasukuma kama upepo wa chini ya mita 1 kwa sekunde hapa, ambao hautikisi hata pazia vizuri. Zile picha za dhoruba ya Mirihi inayopindua mitambo ni mbwembwe za sinema.

Kipimo cha mapema kilitoka kwa Sojourner, kigari kidogo kilichotua mwaka 1997. Kilikuwa na kipande cha kioo kilichowekwa mahsusi kupima vumbi, na kilionyesha kwamba umeme wa sola ulipungua kwa takriban asilimia 0.28 kila soli, yaani siku ya Mirihi, yenye saa 24 na dakika 39. Inaonekana kidogo. Ukiiacha iendelee hivyo kwa soli 100, umepoteza robo ya umeme wako.

Sasa tuhesabu kwa uniti, kama tunavyonunua umeme nyumbani; uniti moja ni wati-saa 1,000. InSight, chombo cha NASA kisichotembea, iliyotua Novemba 2018 katika tambarare ya Elysium, ilianza na karibu uniti 5 kwa soli kutoka paneli mbili za mviringo, kila moja ikiwa na upana wa mita 2.2. Kufikia masika ya 2022 ilikuwa inapata nusu uniti. Kilichokera ni kwamba kihisio chake cha shinikizo la hewa kilirekodi visulisuli kwa maelfu vikipita jirani, na hakuna hata kimoja kilichofagia paneli ipasavyo. Opportunity, gari la NASA la sola lililokuwa upande mwingine wa sayari, ilisafishwa na upepo mara kwa mara. Chombo kilichokusudiwa kufanya kazi soli 90 kikaishi zaidi ya miaka 14. Bahati ya mahali ulipotua ni sehemu ya hesabu, ingawa wahandisi hatupendi kuiandika kwenye jedwali.

Ujanja bora wa kusafisha niujuao ulifanywa na wahandisi wa InSight, na ulikwenda kinyume na akili ya kawaida: walimwaga mchanga ili kuondoa vumbi. Kwanza walijaribu kuzitikisa paneli kwa mota zilizozikunjua baada ya kutua, ikashindikana. Ndipo tarehe 22 Mei 2021 mkono wa roboti ulichota mchanga, ukaupandisha juu ya sitaha ya chombo upande upepo unakotokea, ukaumimina kidogokidogo. Waliipanga kazi hiyo iangukie karibu na adhuhuri, wakati upepo una nguvu. Punje ya mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko ya vumbi, kwa hiyo haigandi. Inasukumwa, inadunda juu ya paneli, kila inapogonga inang'oa vumbi, kisha vyote viwili vinaondoka na upepo. Faida ilikuwa takriban wati-saa 30 kwa soli, sawa na kuwasha balbu ya wati 10 kwa saa tatu. Haikukiokoa chombo, lakini ilikirefushia maisha. Desemba 2022 mawasiliano yalikatika.

Vumbi lililotua ni tatizo moja. Lililo angani ni jingine. Giza la anga hupimwa kwa tarakimu iitwayo tau. Tau ikiwa 1, mwale wa jua unaofika moja kwa moja ni asilimia 37 tu, ingawa mwanga uliotawanyika angani bado huipa paneli chakula kizuri. Juni 2018 dhoruba ilienea sayari nzima, na Opportunity ikakadiria tau ya 10.8. Hapo mwale wa moja kwa moja ni kama sehemu mbili katika laki moja. Gari lililoanza kazi na wati-saa 900 kwa soli likabaki na 22.

Baada ya hapo mambo huporomoka kwa mpangilio. Betri ikishuka chini ya kiwango, kompyuta inajizima na kuacha saa peke yake ikifanya kazi, ili iamke kupima mwanga. Betri ikiisha kabisa, saa nayo inapotea; chombo kikipata umeme tena hakijui kama ni asubuhi au jioni, wala Dunia itaita lini. Kipo pia kipima muda kingine: chombo kikikaa muda mrefu bila kusikia amri, kinahisi redio yake ndiyo mbovu na kuanza kujaribu njia nyingine. Wakati huohuo hakuna umeme wa hita. Opportunity ilikuwa na vipasha joto 8 vya nyuklia, kila kimoja wati 1, vya kuzuia baridi isivunje elektroniki. Ajabu ni kwamba dhoruba yenyewe ni blanketi, usiku wake hauwi baridi kali. Hatari iko anga inaposafika huku paneli zimefunikwa. Zaidi ya amri elfu moja zilitumwa bila jibu, na Februari 2019 NASA ikafunga kazi. Zhurong, kigari cha China, ililala Mei 2022 kupisha baridi, haikuamka Desemba. Mkuu wa mradi alitaja vumbi kwenye paneli kama sababu inayoelekea zaidi.

Curiosity na Perseverance, magari makubwa ya NASA, zinatumia umeme wa plutoniamu badala ya sola: wati 110 mwanzoni, usiku na mchana, takriban uniti 2.7 kwa soli. Njaa imeondoka, lakini vumbi bado linakaba sehemu zinazosogea na vioo vya kupimia. Kwenye vihisio vya mwanga wa urujuanimno, Curiosity imezungushiwa sumaku, maana vumbi hilo lina chuma na huvutwa pembeni. Helikopta Ingenuity ilipopitiwa na dhoruba Januari 2022, mota ndogo zinazogeuza mabawa zilikuwa nzito. Zikachezeshwa huku na huku mpaka uchafu ukatoka, na Februari ikaruka.

Vifuniko vya kuzuia vumbi? Kifuniko nacho kinakuja na mota yake ya kuharibika. Januari 2024 kile cha SHERLOC, kifaa cha kuchunguza miamba kwa leza kwenye mkono wa Perseverance, kilikwama nusu wazi. Waliipasha mota joto, wakaugeuza mkono pande tofauti, wakakitingisha kifuniko mbele na nyuma, hata wakawasha drili ya kugonga ili mtetemo ukilegeze. Machi kikafunguka. Tangu hapo wameona heri kiachwe wazi kuliko kuhatarisha kukifunga.