Dhima ya kamanda: mkubwa anaposhtakiwa kwa yaliyofanywa na askari wake

Hakuua, hakubaka, hakupora, wala hakutoa amri ya kufanya hivyo. Pengine siku yenyewe alikuwa ng'ambo ya mto, katika nchi nyingine kabisa. Hata hivyo sheria ya kimataifa inaweza kumpandisha kizimbani. Hiyo inaitwa dhima ya kamanda, na wengi huielewa kombo wakidhani bosi anabebeshwa dhambi za wengine. Anachojibia ni kosa lake mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kuwazuia watu wake au kuwaadhibu, naye akawaacha.

Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), kinamtaka mwendesha mashtaka athibitishe kwanza kwamba waliotenda walikuwa chini ya mamlaka ya mshtakiwa kweli kweli, si kwenye makaratasi tu. Pili, kwamba alijua, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua. Tatu, kwamba hakuchukua hatua za lazima zilizokuwa ndani ya uwezo wake.

Suala la kujua lina historia chungu. Jenerali Tomoyuki Yamashita wa Japani alinyongwa Februari 1946 kwa mauaji yaliyofanywa na majeshi yake Ufilipino, ingawa alijitetea kwamba mawasiliano yalikatika na hakupata habari. Hukumu ile inalaumiwa hadi leo, na kwa maoni yangu inastahili lawama: cheo peke yake hakitoshi kumnyonga mtu.

Si lazima mkubwa awe mwanajeshi. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu Alfred Musema kifungo cha maisha mwaka 2000. Alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu, na katika vilima vya Bisesero wafanyakazi wake walishiriki mashambulizi dhidi ya Watutsi, magari ya kiwanda yakitumika kuwabeba washambuliaji. Yeye mwenyewe alionekana huko. Majaji waliona kwamba mtu mwenye uwezo wa kumwachisha mfanyakazi kazi ana nguvu juu yake.

Sharti la tatu ndilo linaloangusha kesi, na hakuna mfano mzuri kuliko Jean-Pierre Bemba, aliyekuwa kiongozi wa waasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Oktoba 2002 Rais Ange-Félix Patassé wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akikabiliwa na waasi wa François Bozizé, alimwomba msaada. Wapiganaji wa MLC, kundi la Bemba, wakavuka Mto Ubangi kutoka Kongo kuingia Bangui, mji mkuu wa nchi hiyo jirani. Wakaua, wakabaka, wakapora majumbani. Kwa sehemu kubwa Bemba alibaki upande wa Kongo, akiwasiliana na makamanda wake kwa redio na simu ya setilaiti. Machi 2016 ICC ikamtia hatiani, hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo kwa dhima ya kamanda, kisha ikampa miaka 18.

Juni 2018 majaji watatu kati ya watano wa rufaa wakamwachia huru. Walisema mahakama ya chini haikupima ipasavyo ugumu wa kamanda aliye mbali kuchunguza makosa katika nchi ya watu. Pia haikuijibu hoja ya barua ambayo Bemba alidai kumwandikia Waziri Mkuu wa nchi hiyo akiomba uchunguzi. Majaji wawili walipinga.

Mimi nawaelewa hao wawili. Kweli, Bemba aliunda tume ya uchunguzi, na askari wachache walishtakiwa katika mji wa Gbadolite, Kongo, lakini kwa uporaji wa vitu vya thamani ndogo, si kwa ubakaji ambao redio za kimataifa zilikuwa zikiutangaza. Kama hatua za namna hiyo zinatosha, basi kila kamanda atajifunza kuandika barua na kuhifadhi nakala. Upande wa pili nao una neno: sheria inauliza mtu angeweza kufanya nini siku ile pale alipokuwa, si kila ambacho sisi tunakiwaza baadaye.

Waathirika 5,229 walikuwa wamekubaliwa kushiriki kesi hiyo. Kwa utaratibu wa ICC, fidia huamriwa dhidi ya aliyetiwa hatiani. Hukumu ilipofutwa, fidia nayo ikaanguka. Wakabaki kutegemea misaada ya Mfuko wa Waathirika, fedha za michango ya hiari. Machi 2023 Bemba aliteuliwa waziri wa ulinzi wa Kongo.