Friji ya Hz 60 kwenye umeme wa Hz 50: uipime kwa chanzo gani?

Fundi akiletewa friji ya Marekani iliyoandikwa V 120, Hz 60, hukimbilia transfoma. Anashusha volti 230 za gridi yetu hadi 120, anawasha, kompresa inanguruma, na baada ya muda haishikiki kwa joto. Mteja anaambiwa friji imekufa. Pengine ilikuwa nzima.

Transfoma hubadili volti tu. Masafa (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, huingia 50 na kutoka 50. Mota iliyosukwa kwa Hz 60 ikipewa volti zake zote kwa Hz 50, usumaku katika chuma chake huzidi kwa asilimia 20. Chuma hushiba, hakibebi tena usumaku zaidi, mkondo hupanda, koili huchemka. Basi piga hesabu kwanza: 120 gawanya kwa 60 ni volti 2 kwa kila Hz, kwa hiyo kwenye Hz 50 mota hiyo ipewe volti 100. Itazunguka polepole, pungufu ya sehemu moja ya sita, lakini utajua kama ni nzima.

Vifaa vya mtumba kutoka Japani vina nafuu yake. Nchi ile ina umeme wa aina mbili, Tokyo Hz 50 na Osaka Hz 60, hivyo vingi huandikwa V 100, Hz 50/60. Hapo transfoma inatosha. Pasi na birika masafa hayavisumbui. Vitazame volti tu.

Anayepima kila siku anahitaji chanzo cha kielektroniki kinachounda umeme upya, volti na Hz zikipangwa kila moja peke yake. Ni ghali, na wengi hukosea kwa kununua chenye nguvu ndogo. Mota ikianza kuzunguka huweza kuvuta mkondo mara tano hadi saba ya kawaida. Chanzo kikilegea, unapima udhaifu wa chanzo, si friji. Weka mita kwenye nyaya za kifaa chenyewe, usiamini kioo cha chanzo.

Inveta ya kuendeshea mota ni rahisi na inavutia, ila hutoa umeme wa vipandevipande. Usiichomeke kwenye televisheni wala transfoma.

Ukitaka kuona kifaa kinavyostahimili volti kati ya 207 na 253, variaki, yaani transfoma yenye kitasa cha kupandisha na kushusha volti, inafaa sana. Kumbuka tu kwamba variaki haikutenganishi na gridi: hata ikiwa imeshushwa hadi volti 20, waya mmoja unaweza kukuua. Tanguliza transfoma ya kutenganisha.

Na jenereta? Yenye ncha nne za sumaku hutoa Hz 50 ikizunguka mara 1500 kwa dakika, Hz 60 ikifika 1800. Nyingi za mitaani hulegea zikibebeshwa mzigo, kwa hiyo soma Hz kifaa kikiwa kinafanya kazi, si kabla ya kukiwasha.